Picha Iliyoanikwa Juu ya Moto

Alhamisi, Tukuyu. Ukungu tangu asubuhi.

Nimemfokea Mama. Nianze na hilo, maana nikianza na picha nitajitetea.

Picha yenyewe inatakiwa Mbeya kesho, kwenye maonyesho yangu ya kwanza. Karatasi nzito ilikuwa imebaki moja tu. Niliilowesha, nikadondoshea rangi ya bluu na ya udongo, katikati nikaacha peupe. Huo weupe niliulinda kama yai. Rangi ya maji haina bwana. Unachoweza ni kuilaza karatasi sawasawa, usiiguse, usubiri. Na kwa hali ya hewa ya huku, kusubiri si mchezo.

Mchana nikatoka kutafuta boksi la kuifungia. Niliporudi, meza tupu.

Mama alikuwa ameibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya jikoni, juu ya moto, kati ya soksi zangu na kitenge chake. Bluu ilikuwa imeteremka hadi kwenye weupe wangu.

"Umeniharibia! Nani amekutuma?" Maneno hayo nilimwambia mama yangu mzazi.

"Gwe mwanangu, niliona mbichi," akasema taratibu. "Nje jua hakuna. Tukiifua, haitoki?"

Niliichomoa, nikaenda nayo chumbani.

Huko ndiko nilikoitazama vizuri. Bluu imeshuka, imefika katikati ya weupe, joto likaikausha palepale, ikaacha ukingo mwembamba kama uzi. Miaka miwili nautafuta ukingo ule. Nimeinamisha karatasi, nimepuliza, nimehesabu matone, wapi.

Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Na kinachoniuma, nakiri, ni kwamba si mimi niliyeifanya iwe hivyo.

Nilirudi jikoni nikamwambia, "Mama, nisamehe. Imependeza, kweli." Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumridhisha mtoto, akaendelea kuchochea kuni. Hakuniamini. Na kwa nini aniamini, saa moja tu baada ya kelele zile?

Nimemwomba kesho twende wote, akaione ikiwa ukutani. Amesema hawezi, ameshakata ndizi za kupeleka sokoni.

Nimetoka kuzunguka migombani nyuma ya nyumba sasa hivi. Hakuna mkungu hata mmoja uliokatwa.