Kisima cha Baba, Namba Saba Kwenye Fomu

Jumatatu, 3 Machi

Mzunguko wa kupima visima umeanza. Kumi na kimoja kuzunguka dampo, chupa mbili kila kisima, matope hadi vifundoni. Mvua ya jana imeliloweka lundo lote, na maji yanayotoka chini yake ni meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Leo nimemaliza vitano. Namba Mbili kinanuka kutu. Namba Tatu nimekuta kenge amejilaza juu ya mfuniko. Nikamsubiri aondoke kwa hiari yake. Sina ugomvi na kenge.

Jumanne, 4 Machi

Namba Saba ni kisima cha baba. Kwenye fomu hakina jina. Alikichimba mwaka alioacha kazi ya reli kule Mlimba, yeye chini, baba mdogo juu akivuta udongo. Dampo halikuwepo. Ilikuwa mpunga tu mpaka macho yachoke. Nilikuwa na miaka tisa. Maji yalipotoka, baba alipanda juu ana tope mpaka kwenye nyusi, akaniita mimi nionje kabla ya wakubwa. Yalikuwa na udongo. Nikasema matamu. Tangu siku hiyo sijanywa maji mengine nikayaita hivyo.

Tangu baba afariki, pale anakaa Shangazi Perpetua, dada yake baba. Nikifika huwa ameshanitekea. Ndoo juu ya stuli, imefunikwa sahani, kopo pembeni. Kazi yangu ni kujaza chupa na kula. Leo wali na kuku, kwa kuwa kesho ni Jumatano ya Majivu, mfungo unaanza.

"Umekonda, mwanangu. Huko maabara mnapima tu, hampiki?"

Nimekula hadi nikaona aibu. Mezani pale naweza kusahau kwamba mimi ni mtu mzima.

Mama Zawadi, jirani, alikuja kuteka, kichanga mgongoni. Tangu msimu wa kwanza wa vipimo, nyumba zote za nyuma zinateka pale, kwa sababu mimi mwenyewe nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikasema Namba Saba ni salama. Shangazi akamwambia ayachemshe. Akamwambia tena. Nikadhani ni uzee.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu yametoka. Namba Sita na Namba Nane vimeharibika vibaya. Namba Saba, kilicho katikati yao, safi kama kawaida. Mkuu wangu akatania kwamba kisima chetu kimebarikiwa. Nikacheka. Nilijivuna kama mjinga.

Baadaye nikafungua faili la misimu mitatu iliyopita. Majibu ya Namba Saba na ya bomba la parokia, tunalolipima kwa kulinganisha kwa kuwa linavuta maji kutoka kina kirefu na liko mbali na dampo. Si kwamba yanakaribiana. Yanafanana. Chumvi, naitreti, kila kitu. Kama maji ya ndoo moja.

Nimelifunga faili. Sijala.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda bila kutoa taarifa. Shangazi alikuwa kwenye sala za jumuiya. Nikateka mwenyewe. Tangu niajiriwe sijawahi kuishika kamba ile. Utotoni niliishika kila siku, asubuhi kabla ya shule, tukigombania ndoo na dada zangu huku baba akipiga mswaki na kutucheka.

Maji yamepanda na utando wa mafuta juu. Harufu ya dampo, ileile. Nimekaa ukingoni nikalia kwa sauti.

Shangazi akanikuta hapo. Hakujitetea. Alisema wali ulianza kugeuka rangi mwaka juzi, akawa anateka bombani parokiani. Kila nilipotuma ujumbe kwamba nakuja, alinitekea ya huko.

"Uje kwangu nikupe maji yanayonuka? Wewe? Na kisima ni cha kaka yangu. Nilitaka kiandikwe vizuri."

Nikamuuliza na Mama Zawadi je. Akainama. Akasema kila siku humwambia achemshe.

Nimemkasirikia kwa muda mfupi. Uliobaki wote nimejikasirikia mwenyewe. Fomu ina mstari mmoja unaouliza kama maji yametekwa na mpimaji mwenyewe. Nimeweka alama ya vyema mara nne. Kwa watu baki nateka kwa mkono wangu, tena ndoo za kwanza namwaga. Kwetu nilitekewa maji, nikayapokea. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto akitoka safari hatumwi kisimani.

Jumatatu, 10 Machi

Sampuli ya Jumamosi ni mbaya kuliko ya Namba Nane.

Nimemweleza mkuu. Akafunga mlango. Anasema tuiandike kama matokeo ya mvua za mwaka huu, kisima kifungwe, yaishe. Ya nyuma yabaki yalivyo. Hakuna atakayejua. Si mtu mbaya. Alikuwa ananihurumia.

Nimetamani kukubali. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu mwingine: nimetamani sana. Jina langu lingebaki, la shangazi lingebaki, na baba angebaki mtu aliyeupa mtaa maji safi mpaka mvua ilipokuja kuyaharibu. Lakini kichanga cha Mama Zawadi kinaharisha tangu Januari. Akienda zahanati akaulizwa maji anayotumia, atajibu ni salama, yamepimwa. Atasema hivyo kwa sababu yangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeiandikia idara barua ya kukiri. Misimu yote minne. Nimemwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano kesho.

Jumatano, 12 Machi

Mkutano umefanyika chini ya turubai, mvua ikipiga. Watu wengi kuliko nilivyotaka. Nimesema: kisima chetu hakifai, hakikufaa tangu mwanzo wa vipimo, na kosa ni langu, sikuteka mwenyewe. Shangazi sikumtaja. Akasimama akajitaja. Bibi wa sabini na kitu, kanga yake ya kanisani, mbele ya watu wanaompa shikamoo kila asubuhi. Nikatamani ardhi inimeze.

Mama Zawadi hakupiga kelele. Aliuliza tu.

"Kwa hiyo mwanangu amekunywa nini miezi yote hii?"

Nikamsomea majibu yote, polepole, kila mstari na maana yake. Nikamwambia siwezi kusema kuharisha ni kwa sababu ya maji. Siwezi kusema siyo. Nikamwandikia karatasi ya kupeleka zahanati. Aliipokea bila kuniangalia.

Ijumaa, 14 Machi

Mafundi wamefunika kisima kwa zege. Kazi ya asubuhi moja. Baba mdogo alikuja kutoka Sanje kushuhudia, akaondoka na basi la saa saba. Baba na yeye walitumia kiangazi kizima kukichimba.

Barua imejibiwa. Nimetolewa visimani. Nitaosha chupa maabara mpaka watakapoamua. Ni haki. Inauma vilevile.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nimepita kwa shangazi. Nilimkuta uani amevaa kandambili. Hakuniuliza habari za kukonda. Alinipa ndoo tupu, akachukua yake, tukatoka.

Foleni ya bomba la parokia ilifika barabarani. Mama Zawadi alikuwa mbele yetu, watu watatu hivi. Mtoto alikuwa macho, anatafuna ncha ya kanga. Shangazi alisalimia, akajibiwa. Mimi nilisalimia, sikujibiwa. Tukasogea kadiri foleni ilivyosogea.

Zamu yetu ilipofika nikajaza ndoo zote mbili. Shangazi akataka kubeba yake. Nikamwachia.