Kijana Mmoja Tu

Galbet, Garissa
Jumanne

Kaka Abdinasir, walaal,

Salaam kutoka nyumbani. Mvua bado, mbuzi wawili wamezaa, na Mama anauliza kama huko Mombasa unakula vizuri.

Mswada wako nimeusahihisha mpaka sura ya nne. Umeeleza vizuri kile kikosi cha mafunzo cha wanamaji wa Malkia Viktoria: meli zilikuwa na injini za mvuke, lakini wakubwa wakaamuru vijana wapande milingoti wakunje matanga, eti ndiyo kazi inayomkomaza mwanamume. Halafu ukaandika: "Katika safari hiyo alianguka baharini kijana mmoja tu."

Hapo nikaweka kalamu chini.

Mwezi uliopita ulipiga simu ukaamuru mwanao Noordin awapeleke ngamia malishoni kwa miguu, peke yake, kama ulivyofanya wewe. Nilikwambia jirani yetu Abdiwali ana lori la kubeba maji, amfuate Noordin nalo. Ukanijibu kwamba lori halimfundishi mtu kitu.

Jana asubuhi ngamia walirudi kisimani bila mtu. Wote kumi na wanne wapo. Dumu la maji la Noordin lilikuwa bado limefungwa mgongoni mwa yule wa mizigo, limejaa.

Abdiwali na wenzake wanamtafuta kwa hilo hilo lori. Mkeo Raho yuko pale kisimani tangu jana.

Sura ya tano usiilete. Njoo wewe. Lile neno "tu" sikulifuta. Nimekuachia ulifute mwenyewe, mbele ya Raho.

Ndugu yako,
Fowsiya