Mimi Ndiye Niliyesema Aliaga

Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Natumaini mgongo umekuachia na mumeo ameacha kununa. Mimi mzima wa kusema tu, magoti ndiyo hayana adabu. Mwandiko usiucheke, darasa la tatu si chuo.

Umeniuliza mbona polisi hawamtafuti mjukuu wetu, ukawaita mizigo. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu atoke asubuhi kwenda kwa dobi, kwenye kibarua chake cha kupiga pasi, na ndala za kuogea miguuni. Dobi anasema hakufika. Viatu vyake vizuri viko chini ya kitanda, na sare yake ya pili ya kazi aliiacha kambani ikichuruzika. Nani husafiri hivyo?

Jioni ile ile nilikwenda kituoni. Wakasema mtu mzima hapotei kwa siku moja, huenda yuko kwa mchumba. Nikawaambia mchumba wake ni mimi. Kesho yake ndipo wakaandika. Picha yake wakaibandika juu ya picha ya mzee mmoja aliyepotea, maskini, sasa yanaonekana masikio yake tu. Tangu hapo nimekalia benchi lao mpaka limenizoea. Kila nikiuliza wananiambia nirudi nyumbani, atakuja mwenyewe. Mmoja alinishauri nimpigie simu. Nikamuuliza kama anadhani uzee umenila akili yote.

Juzi nilimkuta askari mgeni. Akafungua jalada, akasoma, akavua kofia. Akanipa pole, akauliza tulizika lini. Nikamuuliza tumzike nani. Akanionyesha kwa kidole palipoandikwa: ameaga.

Neno hilo nimelitia mimi, mdogo wangu. Yule aliyeandika aliniuliza kama binti aliaga alipotoka. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, masikio yamewasimama. Nikaona aibu, watasema nimelea mtoto anayetoka bila kumuaga bibi yake. Nikasema aliaga, tena vizuri, nikatia sahihi. Kumbe kwao, mgeni alinieleza nilipomwambia hajafa, aliyeaga hakupotea, ameondoka kwa hiari yake, hatafutwi. Na hakuaga. Nilikuwa nimemnunia kwa sufuria aliyoiunguza. Alisimama mlangoni, nikamsikia, nikageukia ukutani.

Nilimwomba yule mgeni afute. Akasema maelezo yaliyotiwa sahihi hayafutwi. Nikiyageuza, mimi ndiye nitakayehojiwa kwanza kwa nini nilidanganya. Nikamwambia basi anihoji. Akasema hana ruhusa, mkubwa wake yuko likizo, na hajui atarudi lini.

Kwa hiyo usiwatukane peke yao. Nibakishie na mimi fungu langu, miaka yote nimegawia wengine. Kesho narudi kule benchini, sijui kwenda kwingine.

Nisalimie mumeo na wajukuu. Wakikuuliza habari za dada yao, waambie amepotea. Sema hivyo hivyo, neno usilipambe.

Ni mimi dada yako, mkubwa kwa umri tu.