Kona ya Kushoto

Bwenini, Jumapili baada ya ibada

Mama mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza makelele yake, na yule mbwa mwizi hajarudia kula mayai ya jirani. Mimi sijambo. Kidole changu cha mwisho kimevimba kama kawaida, na nakula vizuri, ingawa maharage ya hapa hupikwa na mtu anayewachukia wanadamu. Keki ya matabaka ya matufaha makavu uliyompa Shangazi Wilma aniletee ilifika salama. Niliificha chini ya kitanda, lakini Aniyah aliinusa. Huyu ni yule msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Louisville ninayekaa naye chumba kimoja. Alikula vipande vitatu, kisha akasema kwao keki ni keki, siyo ghorofa. Nikamwambia anyamaze au aitapike.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tuna ugonjwa mmoja. Tukikaribia mahali penye kidonda, mmoja wetu huuliza kama theluji imeanguka. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kukimbia.

Kabla ya Krismasi ulinituma kwa Mzee Delmer Fugate, anayetangaza mechi zetu redioni. Ulikuwa umekasirika kweli. Ulisema yule mzee hana adabu, kwamba kila mechi nikitoa pasi ni lazima aseme, "Maribeth anampa Raelynn," ilhali dada yangu tulishamzika. Mwezi uliopita imetimia miaka miwili. Ukasema nimwambie akome. Nilipokuuliza kwa nini usizime redio, ukaniuliza kama huku kuna theluji.

Nimekwenda, Mama, na nitakueleza alichosema. Lakini kwanza nikupe habari za mpira wa kikapu, maana siku hizi huniulizi.

Unakumbuka Baba alipopigilia kikapu kwenye ukuta wa ghala la tumbaku. Upande wa kushoto palikuwa na kipande cha ardhi tambarare, pengine ndicho pekee katika bonde lote, na upande wa kulia uwanja ulishuka moja kwa moja hadi kijitoni. Mpira ukienda kulia ulikuwa wa samaki. Ndiyo maana Raelynn, kwa kuwa alikuwa mkubwa na mwenye amri, alichukua kushoto, akanipa mimi kazi ya kuuleta mpira. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema tu, "Nipo," taratibu, huku anatafuna ubani wake, nami natupa bila kugeuza shingo. Kumbe hivyo ndivyo wachezeshaji wakubwa wanavyofanya. Unaangalia kulia, mlinzi anafuata macho yako kama kondoo, na mpira unakwenda kushoto. Chuo kilinichukua kwa ufundi huo. Magazeti yakaandika kwamba nina macho kisogoni. Macho gani! Nilikuwa na dada.

Mwaka ule wa kwanza wetu pamoja hapa chuoni ndio uliokuwa mtamu kuliko yote. Wewe ulikaa safu ya tatu na ile kengele yako ya ng'ombe, ukawatukana waamuzi hadi mchungaji akahama kiti. Mwaka uliofuata, Januari, Raelynn alikuja kula kwako chakula cha Jumapili, na ulipomwambia asubiri barabara imwagiwe chumvi ya kuyeyusha barafu alicheka akachukua funguo. Hakuupita mteremko wa kanisani.

Hukuja kwenye mechi iliyofuata mazishi, kwa hiyo hukuona tulivyofanya. Tuliingia uwanjani wanne badala ya watano. Wapinzani walikubali kusimama tu, mikono nyuma. Mimi nikapanda na mpira, nikaangalia kulia, nikautupa kwenye kona ya kushoto ambako hapakuwa na mtu. Ukadunda ukatoka nje, na watu wote wakasimama wakalia. Ilikuwa heshima nzuri. Tatizo ni kwamba sikuacha.

Nimeendelea kuitupa ile pasi, Mama. Si kila mara, lakini kila mechi haikosi. Msimu uliopita tulipoteza mchezo mmoja mkubwa kwa sababu yake. Msichana mmoja wa timu ya Tennessee, mdomo wake kama wembe, aliniuliza mbele ya timu nzima, "We Caudill, kule kona unamrushia nani, mzimu?" Nilimpiga kiwiko, nikatolewa nje, na sijutii hata kidogo. Kocha Pruitt aliniweka benchi, akanirudisha, akaniweka tena. Mwisho akaniita ofisini, akasukuma kibakuli cha pipi za mnanaa upande wangu, akaniambia kwamba kuficha macho ni ufundi, ila mimi siku hizi sifichi, nafumba. Msimu huu akamweka Aniyah kwenye kona ile ile, kwa matumaini kwamba mpira ukienda, angalau ukute mikono ya mtu.

Basi, Mzee Delmer. Nilimkuta mchana kwenye kile chumba chao cha redio nyuma ya duka la matairi. Nikamfikishia ujumbe wako kwa adabu, nikaondoa yale matusi. Akavua miwani, akaifuta na tai kwa muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, jina la dada yako sijalitamka redioni tangu tumzike. Ningethubutu vipi? Ningelia, na mimi nalipwa kuongea." Nilidhani anajitetea. Akaniwekea rekodi za mechi zile zile ulizonitajia. Tukakaa tukazisikiliza. "Maribeth anapanda na mpira, anaangalia kulia, anatoa..." Kisha hakuna kitu. Unasikia viatu vikilia sakafuni, unasikia watu, halafu anarudi na kusema mpira umetoka nje. Rekodi ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Nikamuuliza kwa nini hukatiza. Akanijibu kwamba nikitupa kule, naye hugeuka kule, na kila mara anatarajia kumwona, na mdomo unagoma.

Kwa hiyo hakuna anayelitaja jina hilo, Mama. Pale unapomsikia Raelynn, pana ukimya tu.

Usione haya, na usidhani nakuambia akili yako imechoka. Endelea kusoma.

Nilipokuwa naondoka nilimtania kwamba ana msikilizaji mkali ng'ambo ya mlima wetu. Akacheka, akasema labda huyo ni ndege. Redio yao haiuvuki hata mlima wa kwanza, na kwenye mtandao hawajawahi kurusha chochote. Nilisimama pale na kitasa mkononi, nikajiona mjinga. Alhamisi, wakati wa mapumziko ya mechi, wenzangu walipoingia kubadilisha soksi, mimi nilikwenda kwenye mlango wa nyuma wa kutolea takataka. Nikaliona pikapu letu mwishoni kabisa mwa maegesho, mlango mmoja wa kijani na mwingine mweupe, vioo vimejaa mvuke. Nilitaka kuja. Nikaogopa utaondoa gari na usirudi tena.

Kwa hiyo kila mechi ya nyumbani unavuka milima yote hiyo, na goti lako hilo, unaushuka mteremko wa kanisani kwenda na kuupanda kurudi, ili ukae kwenye baridi, ukuta mmoja tu kati yako na mimi, umsubiri yule mzee alitaje jina. Nimelia sana kwa hilo. Nimekukasirikia pia, sikufichi.

Sasa langu, ambalo sijamwambia kocha wala kasisi wa chuo. Mimi pia namsikia. Kelele zinapozidi, nyuma kidogo ya sikio la kushoto, bila haraka, na ule ubani mdomoni: "Nipo." Basi natupa. Sijasahau kwamba amekufa, najua hilo kila ninapoamka. Lakini nimeogopa kugeuza shingo, kwa sababu nikitazama nitaona mbao tupu, au nitamwona Aniyah, na sauti haitarudi. Watu wanasema sitazami kwa sababu ni fundi. Sitazami kwa sababu nikitazama, atakuwa amekufa na pale pia.

Alhamisi hiyo hiyo, kipindi cha pili, niliisikia nikatupa, na Aniyah akaudaka, akafunga. Ukumbi mzima uliruka. Akanikimbilia kunikumbatia, nami nikamsukuma kama mwizi. Chumbani alilia, akaniuliza amenikosea nini. Nikamweleza yote, yeye wa kwanza. Akafuta machozi, akaniuliza, "Sasa nikasimame upande wa kulia?" Nikamwambia hapana, kwetu upande huo kuna kijito.

Jumamosi ijayo ndiyo mechi yangu ya mwisho hapa. Unaijua desturi. Sisi tunaomaliza tunasindikizwa na wazazi kutoka mlangoni hadi katikati ya uwanja, na mzazi anapewa maua. Kocha aliniuliza nitaingia na nani. Nikajibu, na mama yangu, kabla hata sijakuuliza. Tutaanza wanne tena. Wageni wamekubali, na ni Aniyah mwenyewe aliyeomba abaki benchi kwa pasi ile ya kwanza. Nitapanda na mpira, na safari hii nitageuza shingo nitazame kushoto.

Sijui nitaona nini. Huenda zikawa mbao tu. Lakini siwezi kutazama peke yangu, Mama, na wewe huwezi kuendelea kusikiliza peke yako. Shuka garini. Safu ya tatu kiti chako kipo, na mchungaji amesema atavumilia kengele.

Msalimie Shangazi Wilma, mwambie keki imenigombanisha na Louisville nzima. Baba akipiga simu kutoka Ohio mwambie kikapu chake bado kinanilisha. Mbwa mpige kofi moja la upendo.

Wako anayekusubiri mlangoni,
Maribeth

Nilisahau hili. Ukishuka, acha ufunguo mahali pake na usiizime redio. Nimemwomba Mzee Delmer, naye amenipa mkono wake, kwamba Jumamosi mpira ukienda kushoto hatanyamaza, atalitaja jina. Mimi na wewe tutakuwa ndani, hatutalisikia. Acha redio iongee garini.