Mzizi wa Tatu wa Gego Langu

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na ushonaji haujakumaliza macho. Sisi tupo. Bibi anakusalimu, ila anasema siku hizi huandiki, ukimya wako sasa umezidi wangu mimi mwenye jina. Mimi nimechoka tu.

Lile gego la chini bado tunahangaika nalo. Daktari alilitoboa, akawa anasafisha mizizi kwa visindano vyembamba kama unywele, nami nimeachama mpaka taya linakaza. Shida ni kwamba gego kama hilo kwa kawaida lina mizizi miwili. Langu lina wa tatu, mdogo, umejikunja kama ndoano nyuma ya mwenzake. Bibi alipoonyeshwa picha ya eksirei alicheka, akasema hata mizizi yangu ina haya, inajificha ikiona wageni.

Unajua daktari huyu anaongea lugha ya shuleni tu, na Bibi haielewi. Basi mgonjwa mimi, mkalimani mimi, na mdomo wenyewe una ganzi. Bibi alitaka nimwambie kwamba dawa ya jino ni kung'oa, haya mengine ni kuchimba kisima. Nikamwambia daktari kuwa Bibi anashukuru.

Juzi daktari aliuliza kama nikitafuna bado panauma. Kama panauma, alisema, basi ule mzizi wa tatu haujasafishika, itabidi afungue tena autafute. Kama hapaumi, Jumatatu ataliziba kabisa na kulivisha kofia. Bibi akauliza anasemaje. Nikamtazama: miguu imevimba kwa kukaa kwenye lile benchi, macho yanafumba yenyewe. Nikamjibu daktari hapaumi. Kisha nikamwambia Bibi daktari anasema nimepona. Alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka watu wa mapokezi wakachungulia.

Dada, panauma. Natafunia upande mmoja. Likifunikwa hivi, uchafu utabaki humo ndani, na siku likivimba huenda nikalipoteza.

Najua barua hii haitakufikia kabla ya Jumatatu, kwa hiyo sikutumi unisemee. Nimeandika ili maneno yakae sawa kwanza, kwa lugha ya nyumbani. Bibi yuko jikoni anaosha vyombo. Nakwenda kumsomea sasa hivi, kuanzia pale nilipokuandikia kwamba panauma.

Wasalimie wenzako wa kazini, na upumzishe macho.

Mdogo wako,
Kimya