Mzima Apande, Mgonjwa Ashuke

Kisarawe, 2 Februari 2026

Bibi yangu Biubwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje, na kuku wa Dutumi hawajambo? Mimi nimenenepa kwa raha. Mume wetu Badru ananichemshia chai ya tangawizi kila asubuhi, kisha anakaa kunitazama nikiinywa. Kama ndoa ndiyo hii, Bibi, mlinificha kwa nini?

Jambo moja tu linanikera. Kwao vunja jungu si kula tu. Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo ukoo mzima hulizunguka bwawa, hushuka kwenye korongo la mto, hupanda ng'ambo na kurudi kwenye sufuria za pilau walikoanzia. Mwendo wa kutwa. Shangazi yake, Bi Firdausi, ameshanipangia kubaki na sufuria. "Bibi harusi wetu ana chuma mguuni," alisema mbele ya watu, "atashika kutu njiani." Wakacheka. Badru anasema atanibeba. Sitaki kubebwa, Bibi. Nataka kuzunguka kwa miguu yangu.

Mjukuu wako,
Naila

Dutumi, 7 Februari 2026

Mke mwenzangu Naila,

Marahaba. Magoti yananung'unika, kuku wamenona. Punguza kumsifia mume wangu, nina wivu.

Ulipotoka hospitali na chuma chako, nani alikuzungusha uani? Uliuzunguka mwarobaini wangu mpaka ukachimba mfereji. Bwawa ni uani mkubwa tu. Kumbuka tulivyoimba: mzima apande, mgonjwa ashuke. Ukipanda, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza ule wenye chuma. Jirani yangu Mwinyijuma anakuletea fimbo yako. Usiionee haya. Cha kuonea haya ni kubaki kulinda pilau la watu, na miguu miwili unayo kama wao.

Bibi yako,
Biubwa

Kisarawe, 16 Februari 2026

Bibi kipenzi,

Shikamoo. Umeamkaje? Mimi nyayo zinawaka moto na moyo unacheza ngoma.

Nimezunguka. Kote. Asubuhi bwawa lilikuwa limejifunika ukungu, Badru akaingia majini mpaka magotini kunichumia yungiyungi. Nikalivaa kichwani kutwa nzima.

Kwenye korongo mawe yalikuwa yameloa. Bi Firdausi akateleza, akaketi kitako, kifundo kikamuuma. "Nileteeni pilau hapahapa," akasema. Badru akainama ambebe. "Kambebe mkeo," akamfukuza. Nikampa fimbo yangu.

"Shangazi, mzima apande, mgonjwa ashuke."

"Mgonjwa nani?"

"Huo mguu unaouma. Utangulize chini, mimi niko mbele yako."

Akashuka akininung'unikia kila jiwe. Kupanda ng'ambo, ukoo mzima ulikuwa unaimba wimbo wetu wa uani. Badru alikuwa nyuma yangu, mikono mitupu, akitabasamu kama siku ya nikaha.

Nilifika kwenye sufuria wa kwanza. Bi Firdausi alipofika akakwangua ukoko wote, akaniwekea kwenye sahani yangu.

Ila fimbo hataki kuirudisha, Bibi. Nifanyeje?

Mjukuu wako mwenye miguu,
Naila

Dutumi, 21 Februari 2026

Mke mwenzangu,

Marahaba, na mfungo mwema. Barua yako nimemsomea kila aliyepita hapa, hata wasiouliza.

Usimdai fimbo. Mwambie Firdausi aniletee mwenyewe siku moja, tufuturu wote. Na pale kwenye kilima cha kwangu asipande bodaboda. Apande kwa miguu. Wimbo anaujua.

Bibi yako,
Biubwa