Ukuta wa Chumbani kwa Wakesho

Voi

Dada Mghoi,

Huko Makwasinyi mnaendeleaje? Hilo goti limekubali kupanda mlima au bado linakununia? Mimi mzima, nakula, nacheka, meno yote yapo. Barua nampa jirani yako muuza mbuzi, maana simu mpaka upande juu ya lile jiwe utafute netiwaki, na haya si maneno ya kupigiana kelele juani.

Basi hili ghorofa tunalojenga limefika floo ya tano. Mwenye jengo alisema tatu. Nasikia shemeji yake amejenga nne, na hao wawili hawasemeshani tangu harusi. Mimi niko juu na mwiko wangu wa uashi, naona Voi yote, nani kaanika nini, nani kaingia kwa nani. Mama Zuhura wa mahamri huniita kutoka chini, "Shuka unywe chai, Mwakio, umbea wako hautaoza!"

Sasa sikia kitu kinachonikaba.

Maji hapa ni shida. Mfereji unatoa maji alfajiri, saa mbili umekauka. Kwa hivyo tulipokuwa floo ya pili, tulikuwa tunakoroga simiti ya siku nzima asubuhi hiyo hiyo, lundo kubwa, tunafunika na magunia. Ikifika saa nane imeanza kukaza. Tunairushia maji kidogo, tunaigeuza na koleo, inalainika, tunajengea, ingawa simiti ya hivyo haishiki tena. Mafundi wote hapa ndivyo tunavyofanya. Na ukuta ukisimama unataka kumwagiliwa wiki nzima, sisi tulimwagilia siku moja.

Juzi juzi fundi wa mabomba akatoboa ukuta mmoja wa floo ya pili. Nikakwaruza simiti kwa ukucha, ikamwagika kama unga wa muhogo. Na ufa umeshuka kutoka dirishani mpaka chini. Ukuta huo nimeujenga mimi, dada, kwa mkono wangu huu.

Nikamwambia foromani anayetusimamia. Akasema, "Mzee Mwakio, huo si ukuta wako? Ukiusema, unajisema." Kesho yake nikaukuta umepigwa plasta na rangi, unang'aa kama bibi harusi. Wiki haijaisha, ufa umerudi.

Sisi tunaendelea kupanda na huku chini nyumba zinapangishwa. Na hiyo ya ukuta huo ilichukuliwa na nani? Bintiyo Wakesho! Nikamfuata dukani anakouza vitenge. Nikamwambia, "Nyumba ile usiingie, ukuta wa chumbani ni mbovu." Akacheka mpaka akashika meza.

"Mjomba, si ulisema pia mchumba wangu ana bibi Taveta? Na kumbe ni dada yake?"

"Hii ni kweli, Wakesho."

"Na ile pia ulisema ni kweli."

Akanigeuzia mgongo, akaendelea kukunja vitenge. Mimi, dada! Mimi!

Jumamosi akahamia. Kitanda nimempandishia mimi, nikajua nikikataa ataita mtu mwingine, akiweke popote. Nikakisukuma karibu na mlango, mbali na ule ukuta. Akaniuliza mbona hapo, nikamwambia kule kuna jua la asubuhi. Nikaaga. Sijamaliza ngazi nikasikia miguu ya kitanda inakwaruza sakafu. Anakisogeza dirishani, kwenye ukuta ule ule.

Nikaendelea kushuka. Nirudi nimwambie nini?

Leo foromani amesema tuanze floo ya sita. Nimeweka mawe tangu asubuhi, na kila jiwe ninaloliweka naona linamkalia Wakesho. Nikiacha, wataleta fundi mwingine aweke.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze ugoro. Nisalimie shangazi wa kwaya, na mama mkwe wangu, hata kama hakuniulizia.

Wewe ni mamake Wakesho, anakusikia. Mpigie, mwite nyumbani, tafuta sababu yoyote. Ila tafadhali, usimwambie maneno yametoka kwangu. Akijua ni mimi, hatatoka.

Ndugu yako anayekupenda,
Mwakio